Chumba cha Futi Sita

Nyuma ya pikapu hapa kwetu hapajawahi kuwa na kazi moja. Asubuhi panabeba matofali, mchana panabeba ng'ombe aliyefungwa miguu, Jumamosi jioni wamesimama hapo wapiga matarumbeta wanaosindikiza gari la maharusi, na mpiga video ananing'inia ukingoni kwa mkono mmoja. Kesho yake papo hapo panalazwa jeneza, waombolezaji wamelizunguka na kulishikilia lisiteleze barabara ikianza mashimo. Polisi walifunga benchi katikati ili askari wakae wamepeana migongo, kila upande ukitazama barabara yake, na vijana wa vijiweni wakajua kuondoka kabla difenda haijasimama. Suzuki Carry, ambayo mtaani ni kirikuu, leo ni duka la viazi, kesho la ndala, na msimu wa kampeni hufungwa spika na kunguruma kuliko umbo lake.

Tulipokosa mabasi pia tulijijengea hapo hapo. UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 1974, lilipozidiwa na jiji, watu walipanda chai maharage: pikapu na malori madogo yaliyofungwa mabenchi mawili yanayotazamana, magoti ya abiria yakigongana na turubai likipiga makofi juu ya vichwa vyao. Kenya, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu mwaka 1973 matatu zibebe abiria bila leseni maalumu, mafundi wa bodi walipata kazi ambayo haijaisha mpaka leo. Unguja bado utapanda daladala ya bodi ya mbao, paa lake liko chini kiasi kwamba mtu mrefu anafika Jambiani akiwa ameinama kwa adabu asiyokuwa nayo alipotoka mjini. Na Arusha, mafundi hukata chesisi ya Land Cruiser, huirefusha, huongeza safu ya viti, kisha huweka paa linaloinuka ili mtalii asimame amtazame simba bila kushuka.

Kwa hiyo kuvua bodi ya kiwandani na kuvisha nyingine si jambo geni kwetu. Tumejenga juu ya pikapu kila kitu cha kubebea wengine. Kitu ambacho ni nadra kukijenga ni chumba cha mwenye gari mwenyewe kulala.

Shemeji yangu ni bwana shamba mstaafu, mkazi wa Muheza. Hilux yake ya dizeli, yenye kichwa cha watu wawili, imebeba machungwa mpaka chumvi ya upepo wa pwani na tope la mashambani vikaila bodi ya nyuma. Ungeweza kuona barabara kupitia sakafu yake. Mtu mwingine angenunua bodi ya mtumba. Yeye alitangaza, mbele ya dada yangu na sahani ya mihogo, kwamba ataivua, ataweka jukwaa bapa la chuma, na juu ya jukwaa atajenga chumba cha kulala, azunguke nchi aliyoitumikia bila kuiona. Dada yangu aliuliza kama kitanda cha nyumbani kina kunguni. Mimi nilijikuta msaidizi wake wa kazi na mpinzani wake wa hoja, kazi mbili ninazozipenda.

Wazo lenyewe si lake, na hakudai kwamba ni lake. Pikapu ilizaliwa kwa namna hiyo hiyo. Wakulima wa Marekani walinunua Ford Model T ya kawaida, wakakata sehemu ya nyuma na kugongomea sanduku la mbao, na kwa miaka mingi hiyo ilikuwa kazi ya fundi wa kijijini. Ni mwaka 1925 tu ndipo kampuni ya Ford ilipoanza kuuza Model T yenye sanduku la mzigo kutoka kiwandani, kwa dola 281. Kiwanda kilimwiga mkulima. Australia nao wana simulizi yao: mke wa mkulima aliiandikia Ford akitaka gari moja litakaloipeleka familia kanisani Jumapili na nguruwe sokoni Jumatatu, na mbunifu kijana Lewis Bandt akachora gari la aina hiyo lililotoka mwaka 1934 huko Geelong. Hata hapo hitaji lilitoka shambani, ofisi ikafuata.

Wa kulala humo ndani alikuja baadaye, na anayejulikana zaidi ni mwandishi John Steinbeck. Mwaka 1960, akiwa na miaka 58, aliona kwamba amekuwa akiandika kuhusu nchi ambayo hakuijua tena. Akaagiza pikapu ya GMC, ikajengewa chumba nyuma, akaipa jina la farasi wa Don Quixote, Rocinante, akampakia mbwa wake Charley na kuondoka. Kitabu chake kuhusu safari ile kilitoka 1962, mwaka aliopata Tuzo ya Nobel, na gari lenyewe limehifadhiwa katika jumba la makumbusho Salinas, California, mji aliozaliwa. Ndani lilikuwa na kitanda cha watu wawili, jiko, kipasha joto, jokofu, kabati na choo cha kemikali. Mtu angeweza kula, kujisaidia na kulala majimbo thelathini bila kumwomba mtu yeyote kitu chochote.

Jambo hilo la mwisho lilimvutia shemeji. Mimi lilinitia mashaka, na mashaka yangu ndiyo chanzo cha maandishi haya.

Fundi tuliyempata Tanga mjini ni kijana mwenye kovu la cheche kwenye kila kidole. Tulifika na michoro ya shemeji, karatasi kadhaa za grafu zenye vipimo vya sentimita. Aliitazama kwa heshima, akaikunja, akairudisha.

"Mzee, godoro lipo?"

"Godoro la nini, fundi? Hata bodi hatujaivua."

"Lete godoro kwanza. Kitanda ndicho kinachojenga, mimi nachomelea tu."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Godoro dukani linauzwa kwa futi: tatu na nusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita. Futi sita ni kama sentimita 183, na upana wa Hilux haupishani sana na hapo. Ukiacha bodi ya kiwandani, huwezi kulala kwa kukingama, kwa sababu matao ya magurudumu yanaingia ndani na kukuachia nafasi inayozidi mita moja kidogo tu. Utalala kwa urefu wa gari, na kitanda kitakula sakafu yote. Lakini jukwaa bapa linakaa juu ya magurudumu. Sakafu inakuwa moja, kamili, kutoka ukingo hadi ukingo, na godoro la nne kwa sita linalala kwa upana, likichukua futi nne tu za urefu. Zinazobaki ni zako. Gharama yake ni kwamba umepanda juu: kila kitu sasa kiko juu zaidi ya bodi ya zamani, na gari litakukumbusha hilo kwenye kona za Lushoto.

Basi chumba chetu kina upana wa godoro la dukani, kama vyumba vya mababu vilivyokuwa na upana wa boriti. Anayeingia nyumba za mawe za Lamu au Mji Mkongwe hushangaa kuona kumbi ndefu, nyembamba, zimepangana moja nyuma ya nyingine. Si mtindo tu. Dari la mawe na chokaa lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ikizidi mita tatu hivi haiaminiki tena kwa mzigo ule. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa ukumbi, akaongeza vidaka vya kuwekea vyombo vya China, akachonga mlango wa kutisha. Upana hakuweza kuununua.

Kuvua bodi ilikuwa kazi ya mchana mmoja wa nyundo, gurinda na matusi, maana bolti zilishaungana na kutu. Ilipoondoka, pikapu ilibaki uchi na ya kuchekesha, kichwa kizito mbele na mifupa nyuma. Hapo ndipo nilipoielewa kwa mara ya kwanza. Chesisi ni mihimili miwili minene ya chuma inayokwenda sambamba, imeunganishwa na vyuma vya kukingama. Gurudumu moja likiingia shimoni na la upande wa pili likipanda jiwe, chesisi inajisokota. Haivunjiki kwa sababu inajisokota. Ndiyo maana kiwanda hakikuunganisha kichwa na bodi, kikaacha mwanya wa vidole viwili au vitatu katikati. Simama pembeni ya njia ya makorongo pikapu ya mizigo ikipita, uutazame huo mwanya: juu unapanuka, unabana, unapanuka upande wa pili. Bodi na kichwa vinapishana mabega siku nzima na havigusani.

Sasa chukua sanduku kubwa la chuma lisilopinda, lifunge kwa bolti nane moja kwa moja kwenye kitu kinachojisokota. Ama sanduku litapasuka kwenye pembe za madirisha, ama chesisi itapasuka palipofungwa. Fundi alifunga jukwaa kwa nguvu kwenye pembe za nyuma tu. Mbele aliweka bolti ndefu zenye springi nene chini yake, ili chesisi ikijisokota, jukwaa liweze kuinuka kidogo na kurudi. Shemeji alikuwa na ndoto ya kidirisha cha kupitishia chai kutoka chumbani hadi kwa dereva. Fundi alikataa kuvitoboa kichwa na chumba na kuviunganisha kwa bati. Alisema labda kwa mpira laini unaokunjika, na mpira huo autafute mwenyewe mzee, atakapoukosa anywe chai kabla ya safari. Chai inanywewa kabla ya safari.

Kisha likaja suala la uzito, ambalo huwaumbua wajenzi wengi wa magari ya aina hii. Wahenga walisema tembo hashindwi na mkonga wake. Hawakuwahi kupakia Hilux. Uwezo wake ni kama tani moja, na tani hiyo si ya mzigo peke yake, wamo dereva, mwenzake na jukwaa lenyewe. Plaiwudi isiyoogopa maji, ya futi nne kwa nane, yenye unene wa milimita 18, ina kilo 30 hivi. Weka nane za hizo na umemaliza robo ya uwezo kabla hujaweka hata bawaba. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni sawa na kumbeba mtu mnene asiyeshuka kamwe. Shemeji alitaka kabati la mninga. Mninga ni mti wa heshima, unavumilia mchwa, unang'aa, na mahali pake ni sebuleni Muheza. Tulitumia paipu nyembamba za mraba kama mifupa, bati la alumini nje, plaiwudi nyembamba ndani, na katikati tukajaza yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na majokofu mapya, tuliyoyaokota nyuma ya maduka. Bila kujaza kitu katikati ya bati na ubao, chumba cha aina hii saa nane mchana kinaoka mkate.

Mahali pa uzito ni muhimu kama kiasi chake. Kitu kizito kikikaa nyuma ya ekseli ya nyuma kinainua pua ya gari, usukani unakuwa mwepesi, na wewe unaona raha kumbe magurudumu ya mbele yanaacha kushika barabara. Maji na betri vimekaa chini, vimeegemea upande wa kichwa. Mkiani hapatakiwi kitu.

Hapo ndipo ugomvi wangu na shemeji ulipopata msaada wa fizikia. Jukwaa lilikuwa na urefu wa kutosha kujenga mpaka mwisho. Yeye alitaka kabati la nguo pale mkiani, pamoja na choo cha plastiki alichokiona mahali. Nilimwambia aache futi mbili za nyuma bila ukuta, bila paa, sakafu tupu ya mbao. Akauliza za nini. Nikamwuliza nyumba gani ya pwani aliyowahi kuiheshimu haina baraza.

Nyumba ya Mswahili inaanza kukupokea kabla hujaingia. Baraza ni mahali pa yule ambaye hukumtarajia, pa muuza kahawa, pa mzee aliyechoka njiani na hataki kuulizwa anakwenda wapi. Mgeni anaweza kukaa saa nzima, akashiba habari, akaondoka bila kuvuka kizingiti na bila mtu kuhisi amefukuzwa. Chumba cha Steinbeck hakikuwa na mahali hapo. Ni ama uko ndani, umefunga mlango, ama uko nje kabisa, huna ulipo. Sisemi alikosea. Alisafiri kuelekea baridi, kaskazini kule Maine na kuvuka mpaka Pasifiki, na huko ukuta na kipasha joto si anasa. Lakini tunaponakili michoro ya watu wa baridi na kuileta Tanga, tunanakili na baridi yao. Tunaingiza jiko ndani, meza ndani, choo ndani, kisha tunalalamika kwamba kumebana na kuna joto.

Jiko tulijifunza kwa walimu wa karibu zaidi. Madereva wa malori wanaotoka bandarini kwenda Kongo na Zambia ndio wataalamu wetu halisi wa kuishi ndani ya gari, na hakuna anayewaandika. Wakikwama kwenye foleni ya Tunduma, lori ni nyumba. Ubavuni mwa tela, chini, limefungwa sanduku la chuma lenye kufuli. Lifungue: jiko dogo, sufuria mbili zimeingiliana, mwiko, dumu la mafuta ya kupikia, pakiti ya unga, chumvi ndani ya chupa ya dawa, kipande cha sabuni. Utingo anaweka jiko upande usiopigwa na upepo, gurudumu linamkinga, na ugali unaiva mahali ambapo mimi na wewe tungeona vumbi tu. Pale Segera, nikiwa nasubiri gari, nilimweleza dereva mmoja mpango wetu wa jiko la ndani. Alinitazama kwa huruma.

"Mzee wangu, ukipikia ndani utalala na kitunguu."

Jiko letu liko ubavuni, nje, ndani ya sanduku la bati kwenye ukingo wa jukwaa. Mfuniko wake unashuka, unashikwa na minyororo miwili, unakuwa meza. Hili nalo lisingewezekana kwa bodi ya zamani yenye kuta. Jukwaa bapa halikulazimishi uamue mapema nini kiwe ndani na nini kiwe nje, na huo, kwa maoni yangu, ndio ubora wake kuliko huo upana wa kitanda.

Lakini tofauti kati ya shemeji na dereva wa Tunduma haifichiki kwa mfuniko wa bati. Yeye analala garini kwa sababu foleni haijasogea na mwenye mali anapiga simu. Shemeji analala garini akiwa na funguo za nyumba nyingine mfukoni. Marekani kwenyewe mambo haya mawili yameegeshwa bega kwa bega: kitabu cha Jessica Bruder cha mwaka 2017, kilichozaa filamu ya Nomadland, kinafuata wazee walioshindwa kodi za nyumba wakahamia kwenye magari na kuzunguka wakitafuta vibarua vya msimu. Ukipita usiku huwezi kujua ni dirisha gani la mstaafu anayestarehe na lipi la mstaafu aliyefilisika. Mapazia yanafanana.

Na tusijidanganye kwamba nyumba inayohama imeletwa na gari. Wagabra wa Marsabit huivunja nyumba yao, miti yake hiyo hiyo hufungwa ubavuni mwa ngamia na kuwa tandiko la kubebea mzigo, na mikeka na ngozi hupangwa juu. Nyumba inageuka kuwa kifaa cha kuibebea nyumba. Anayejenga ni mwanamke, na nyumba ni yake. Wasomali nao wana yao ya namna hiyo. Nilipomweleza dada yangu habari hizo, alisema basi gari liandikwe jina lake. Suala hilo halijaamuliwa.

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa Handeni, kwa shangazi. Tuliegesha chini ya mwembe wake jioni, na watoto wa jirani walishalizunguka gari kabla injini haijazimwa, wakibishana kama ni la chanjo au la kusajili laini za simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja na duka?"

"Hapana, shangazi. Ni chumba. Usihangaike na vitanda, sisi tutalala humo."

Alikaa kimya kidogo, akifuta mikono kwenye kanga.

"Kwani kwangu kumebomoka?"

Hatukulala humo. Hapakuwa na mjadala. Godoro lake la sufi lilitolewa, shuka lililokunjwa sandukuni likatandikwa, kuku akakosa bahati. Tulikuwa tumemletea shangazi, bila kukusudia, ujumbe kwamba hatumhitaji. Huko chumba cha aina hii kilikozaliwa, kutomsumbua mtu ni heshima. Kwa shangazi, kumsumbua ndiko kumheshimu. Udugu wetu umejengwa kwa usumbufu: mimi nimelala kwako na kumaliza unga wako, mwakani mwanao atalala kwangu akitafuta shule. Anayefika na nyumba yake mgongoni hadaiwi na hadai, na mtu asiyedaiwa, kwa hesabu za Handeni, ni mpita njia.

Asubuhi nilimkuta shangazi amekaa kwenye zile futi mbili za mkiani, miguu inaning'inia, anachambua mchicha na kuzungumza na jirani yake aliyesimama. Jirani akapanda naye. Kabla ya saa tatu wanawake wanne walikuwa wamekaa pale, na shemeji alishindwa kufungua mlango wa chumba chake kwa adabu ya kutowapita. Chumbani kwenyewe shangazi aliingia mara moja, akabonyeza godoro, akatoka. Alisema kinamfaa mgonjwa.

Kwa hiyo nimefikia mahali hapa, na shemeji anakubaliana nami kwa nusu. Gari la namna hii halina kazi palipo na ndugu. Kazi yake ni pale ambapo hakuna mlango wa kubisha: ufukweni kusini ya Kilwa, ukingoni mwa Ziwa Natron, miombo ya Tabora ambako warina asali hupiga kambi msituni msimu wa kurina. Daktari wa mifugo anayezunguka maboma, fundi wa minara ya simu, mpimaji ardhi, hawa wangefaidi chumba juu ya chesisi kuliko mstaafu yeyote. Sijui kwa nini mafundi wetu wanamjengea mtalii paa la kuinuka na hawajaombwa kumjengea bwana mifugo kitanda. Nadhani ni kwa sababu tunaamini aliye kazini avumilie, na starehe ya barabarani ni ya mgeni. Imani hiyo ni mbovu. Mtu aliyelala vizuri anampima ng'ombe vizuri.

Kuna mambo machache makavu ambayo anayefikiria kujenga ayajue. Kadi ya gari inataja aina ya bodi, kwa hiyo ukiibadilisha, kamilisha karatasi kabla trafiki hajakuuliza barabarani, maana atauliza, na udadisi wake ni wa haki. Namba na taa za nyuma zionekane, zisifichwe na jukwaa. Asipande mtu chumbani gari likitembea, hata akiomba, hata awe mtoto wa shangazi. Tundu la hewa liwe juu na lingine chini, yote mawili na wavu wa mbu, na jiko la gesi lisiwashwe ndani mlango ukiwa umefungwa. Usijenge kuta mara tu jukwaa linapokamilika. Lala juu yake kwanza na turubai msimu mzima, na utashangaa vitu vingapi ulivyovichora huvihitaji.

Na kama una pikapu iliyooza bodi, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla hujalala chini yake na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa palipo na viungo vya springi. Ikilia kwa sauti kali kote, bado ni nzima. Ikijibu kwa sauti ya debe na vumbi jekundu likakudondokea usoni, iuze, usiihurumie. Ikiwa nzima, tafuta fundi atakayekuuliza godoro kwanza.